Jina la mwanamke hupotea mapema kuliko siku ya tuzo: tujadili nafasi na utambuzi katika sanaa, uanaharakati na utafiti

Msoma Nyaraka (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi,

Kila mwaka zinapotangazwa tuzo kubwa za sayansi, fasihi na amani, mjadala unaozuka huwa ni ule ule: safari hii wanawake ni wangapi, na kwa nini ni wachache. Hesabu yenyewe si ya kupuuzwa. Tangu Tuzo ya Nobel ya fizikia ilipoanza kutolewa mwaka 1901, wanawake walioipata ni watano tu: Marie Curie mwaka 1903, Maria Goeppert Mayer mwaka 1963, Donna Strickland mwaka 2018, Andrea Ghez mwaka 2020 na Anne L'Huillier mwaka 2023. Kati ya wa kwanza na wa pili ilipita miaka 60, na kati ya wa pili na wa tatu ikapita mingine 55.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini hesabu hiyo inatufanya tulitazame tatizo pale linapoishia badala ya pale linapoanzia. Siku ya tuzo haiamui mambo mengi. Jina huwa limekwisha kupotea kwenye orodha ya waandishi wa makala, kwenye saini ya mchoro, kwenye barua ya mapendekezo ambayo hakuna aliyeiandika, au kwenye kumbukumbu za mkutano ambazo mwandishi wake hakujitaja. Tukitaka wanawake wapate nafasi na sifa wanazostahili, huko ndiko kwa kuanzia kazi.

Chukueni mfano wa mwanafizikia Lise Meitner. Alifanya utafiti pamoja na mwanakemia Otto Hahn mjini Berlin kwa takriban miaka 30, hadi Julai 1938 alipolazimika kuikimbia Ujerumani kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Miezi michache baadaye Hahn na Fritz Strassmann walipata matokeo ya maabara yaliyowashangaza, na Hahn akamwandikia Meitner barua kuomba maelezo. Ni Meitner, akiwa ukimbizini Sweden pamoja na mpwa wake Otto Frisch, aliyeeleza kwa hoja za kifizikia kwamba kiini cha atomu ya urani kilikuwa kimepasuka, na maelezo yao yakachapishwa Februari 1939. Lakini makala ya majaribio yenyewe ilikuwa imekwisha kutoka bila jina lake, kwa kuwa katika hali ya kisiasa ya wakati ule jina la mkimbizi wa Kiyahudi lisingeweza kuwekwa. Kamati iliyompa Hahn peke yake Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 iliipokea historia ikiwa imekwisha kukatwa. Nyaraka zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kwamba Meitner alipendekezwa zaidi ya mara 40 katika maisha yake, na hakupewa hata mara moja.

Sasa mlinganisheni na Marie Curie. Mwaka 1903 wanasayansi wa Ufaransa waliopeleka mapendekezo walimtaja Henri Becquerel na Pierre Curie tu. Mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimtaarifu Pierre juu ya jambo hilo, naye Pierre akajibu kwa maandishi kwamba mkewe hana budi kuhesabiwa katika kazi waliyoifanya pamoja. Kwa kuwa Marie alikuwa amependekezwa mwaka uliotangulia, njia ya kumwingiza ikapatikana. Mwanamke mashuhuri kuliko wote katika historia ya sayansi aliipata tuzo yake ya kwanza kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa karibu na kamati aliona jina halipo na akachukua kalamu. Ya pili, ya kemia, aliipata peke yake mwaka 1911, na mwaka huo huo Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilikuwa kimekataa kumpokea kuwa mwanachama.

Katika sanaa mambo yalikwenda hivyo hivyo. Judith Leyster alikuwa mchoraji aliyesajiliwa katika chama cha wachoraji cha mji wa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1633. Baada ya kufa kwake mwaka 1660, michoro yake ilihesabiwa kuwa ya Frans Hals, mchoraji mashuhuri wa mji huo huo, au ya mumewe, kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1893 ilibainika kwamba mchoro mmoja ulionunuliwa kama kazi ya Hals ulikuwa na alama nyingine chini ya saini ya kughushi: herufi J na L zilizounganishwa, na nyota pembeni yake. Wanunuzi waliudhika na suala likafika mahakamani. Mchoro ulikuwa ule ule, rangi ni zile zile, na kilichowaudhi ni jina la mwenye mkono.

Naomba tuchangie kwa mifano na kwa uzoefu, hasa tukieleza ni hatua gani jina hupotea na nini kifanyike katika hatua hiyo.

Mizani

Ndugu Msoma Nyaraka, nakushukuru kwa uzi wenye ushahidi. Ninalo jambo moja ambalo naona halijajibiwa. Mifano yako ni ya zamani, na zamani milango ilikuwa imefungwa kwa sheria na kwa desturi. Leo wanawake wanasoma vyuo vikuu, wanaomba ruzuku za utafiti, wanachapisha vitabu, wanaongoza mashirika. Kama waamuzi wanapima kazi kwa vigezo vilivyoandikwa, je, si haki kuwaacha wapime tu? Ninachohofia ni kwamba tukianza kumwangalia mtu badala ya kazi yake, hata mwanamke aliyeshinda kwa uwezo wake ataonekana amebebwa. Nalisema hili kwa heshima, na kwa kuwa nina mabinti wanaosoma sayansi, nisingependa wavae shati lenye doa ambalo si lao.

Msoma Nyaraka

Ndugu Mizani, hofu yako naielewa na ni ya mzazi. Nakubaliana nawe kabisa kwamba kazi ndiyo ipimwe. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba mara nyingi kinachopimwa ni mtu, huku waamuzi wakiamini kwa dhati kwamba wanapima kazi.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Sweden, Christine Wennerås na Agnes Wold, walichapisha uchambuzi wa maombi ya nafasi za utafiti yaliyopelekwa kwenye Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo mwaka 1995. Waombaji walikuwa 114, wakiwemo wanawake 52 na wanaume 62. Nafasi zilikuwa 20, na kati ya hizo wanawake walipata nne. Baraza halikutaka kutoa alama za waamuzi, lakini sheria ya Sweden inazihesabu alama hizo kuwa nyaraka za umma, na watafiti hao wakazipata kwa njia ya mahakama. Walipolinganisha alama za umahiri na machapisho ya kila mwombaji, walikuta kwamba mwanamke alihitaji kuwa na tija ya takriban mara mbili na nusu ya mwanamume ili apewe alama sawa naye. Walikuta pia kwamba kufahamiana na mjumbe wa kamati kulimwongezea mwombaji alama. Hiyo ni nchi iliyosifika kwa usawa, na vigezo vilikuwa vimeandikwa.

Kuna mfano wa miaka ya karibuni zaidi kutoka Kanada. Taasisi ya taifa inayofadhili utafiti wa afya iligawa ruzuku zake katika mafungu mawili: moja ambalo waamuzi walielekezwa kupima zaidi ubora wa andiko la utafiti, na jingine ambalo walielekezwa kupima zaidi hadhi ya mtafiti mwenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika fungu la kwanza tofauti ya mafanikio kati ya wanawake na wanaume ilikuwa chini ya asilimia moja. Katika fungu la pili tofauti ilifikia asilimia nne. Watafiti walitoka katika mfumo mmoja, na swali aliloulizwa mwamuzi ndilo lililobadilika.

Kwa hiyo hoja yako, ukiifuata hadi mwisho, inatupeleka kwenye kuficha majina. Waombaji wa muda wa kutumia darubini ya anga ya Hubble walianza kupimwa bila majina yao kuonekana mwaka 2018, na katika awamu hiyo kiwango cha mafanikio cha wanawake kilikipita cha wanaume kwa mara ya kwanza katika awamu zote zilizokuwa zimechambuliwa. Okestra kubwa za Marekani zilianza kuwasaili wanamuziki nyuma ya pazia kuanzia miaka ya 1970. Katika zile tano zilizo mashuhuri kuliko zote, wanawake walikuwa chini ya asilimia 5 ya wanamuziki mwaka 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 walikuwa takriban robo. Pazia pekee halikufanya yote hayo, kwa sababu wanawake wengi zaidi walikuwa wakisomea muziki katika miaka hiyo na nafasi zilikuwa zikitangazwa wazi kuliko zamani, lakini hakuna aliyelalamika kwamba muziki umeshuka.

Mabinti zako watavaa shati safi pale ambapo kazi yao itasomwa kabla ya jina lao.

Darubini

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mtafiti, na nataka kuzungumzia mahali ambapo pazia halifiki.

Nilipokuwa msaidizi wa utafiti katika mradi mmoja mkubwa, nilitengeneza dodoso, nikawafunza wakusanyaji wa takwimu, nikasafisha takwimu zenyewe na kuandika sehemu ya mbinu za utafiti. Makala ilipotoka, jina langu lilikuwa kwenye aya ya shukrani, katika sentensi moja na dereva na mhasibu wa mradi. Wenzangu wawili wa kiume waliojiunga baadaye walikuwa kwenye orodha ya waandishi. Nilipouliza, niliambiwa kwa upole kwamba sikuwahi kusema nataka kuwa mwandishi. Hilo lilikuwa kweli, na wao pia hawakuwahi kusema. Walidhaniwa tu kwamba wanataka. Tangu hapo siingii katika mradi wowote kabla ya mpangilio wa waandishi kuandikwa kwenye barua pepe inayowafikia wote, na wanafunzi ninaowasimamia nawataka wafanye hivyo hivyo siku ya kwanza, wakati bado hakuna kitu cha kugombania.

Jambo la pili ni kuomba. Donna Strickland aliyetajwa hapo juu alikuwa bado profesa mshiriki siku alipotangazwa mshindi wa Nobel, na yeye mwenyewe alieleza kwamba hakuwahi kuomba kupandishwa kuwa profesa kamili. Miezi michache kabla ya tangazo hilo, rasimu ya ukurasa wake katika Wikipedia ilikuwa imekataliwa kwa maelezo kwamba hakuna vyanzo vya kutosha kuonyesha umuhimu wake. Vyanzo hukosekana kwa sababu hakuna mwandishi wa habari aliyemhoji. Mwandishi wa habari hamhoji kwa sababu hamwoni kwenye orodha yoyote. Na kwenye orodha hayumo kwa sababu vyanzo hakuna. Mwanafizikia wa Uingereza Jess Wade amekuwa akiuvunja mzunguko huo kwa kuandika kurasa za wanawake wanasayansi, na sasa ameandika zaidi ya elfu moja. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja na kompyuta, ifanywayo baada ya saa za ofisi.

La tatu linahusu miaka ya uzazi. Ruzuku nyingi za watafiti chipukizi huhesabu miaka tangu mtu apate shahada ya uzamivu, na miaka hiyo ndiyo ambayo wengi wetu huzaa. Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto katika hesabu hiyo, bila kumtaka athibitishe alikaa nyumbani muda gani. Shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea (OWSD), lenye makao yake Trieste, Italia, hufadhili shahada za uzamivu kwa wanawake wanasayansi kutoka nchi zilizo nyuma katika sayansi na teknolojia, na lina ruzuku nyingine kwa walio mwanzoni mwa kazi. Programu ya L'Oréal na UNESCO, iliyoanza mwaka 1998, huwatunuku kila mwaka wanawake watano, mmoja kutoka kila kanda ya dunia, na huwa na ruzuku za vijana pia. Dada zangu, someni masharti yenyewe hadi mwisho. Nimekutana na mabinti wengi waliojiondoa wenyewe kwa kudhani umri umewapita, ilhali tangazo halikutaja umri popote.

Fundi Rangi

Nashukuru kwa mada. Upande wa sanaa nataka tuseme wazi kwamba mwanamke alizuiwa kujifunza kwanza, kisha akalaumiwa kwa kutokujua. Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London kilipoanzishwa mwaka 1768, kati ya waasisi wake walikuwemo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Miaka michache baadaye mchoraji Johan Zoffany aliwachora wanachama wakiwa wamekusanyika kumzunguka mwanamume aliye uchi, kwa kuwa kuchora mwili wa binadamu ndiyo lilikuwa somo kuu. Wanaume wote wamesimama au wamekaa chumbani, wakizungumza na kuelekezana. Kauffman na Moser hawamo chumbani. Wamewekwa ukutani kama picha mbili zilizotundikwa, kwa sababu haikuruhusiwa mwanamke awepo mbele ya mwili ule. Ukiitazama picha hiyo kwa haraka huwezi hata kuwaona. Baada yao, mwanamke mwingine kupewa uanachama kamili alikuwa Laura Knight, mwaka 1936.

Katika muziki, Fanny Mendelssohn alitunga kazi nyingi, na baadhi ya nyimbo zake zilichapishwa chini ya jina la kaka yake Felix, mtunzi mashuhuri. Malkia Victoria alipomwimbia Felix mwaka 1842 wimbo alioupenda kuliko nyingine katika mkusanyiko wake, Felix alilazimika kukiri kwamba mtunzi ni dada yake. Ipo pia sonata ya piano iliyodhaniwa kuwa ya Felix kwa miaka mingi, mpaka mtafiti Angela Mace alipouchunguza mswada wenyewe mwaka 2010 na kuthibitisha kwamba ni mwandiko wa Fanny, na kurasa zake zinafuatana na kurasa zilizokosekana katika daftari la Fanny. Namba za kurasa ndizo zilizomrudishia mtu kazi yake.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa wasanii ni wa vitendo. Saini kazi mbele na nyuma. Weka tarehe. Hifadhi michoro ya awali, mikataba na ujumbe wa maelewano. Mimi niliwahi kuchora ukuta mzima wa jengo la umma pamoja na mwenzangu wa kiume. Bango la uzinduzi likaandikwa jina lake na maneno "na timu yake". Picha nilizokuwa nimepiga kila jioni, nikiwa juu ya jukwaa la mbao na brashi mkononi, ndizo zilizofanya bango lile libadilishwe.

Kuhusu tuzo za wanawake peke yao, najua wapo wanaoziona kama kutengwa. Mwaka 1991 orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker haikuwa na mwanamke hata mmoja, na wadau wa vitabu waliokerwa na jambo hilo wakaanzisha tuzo ya riwaya za wanawake ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Kazi kubwa ya tuzo ya namna hiyo ni kuwapa wauza vitabu, wahakiki na wakutubi sababu ya kusoma vitabu ambavyo vingebaki kwenye maboksi. Sioni ubaya. Nitaona ubaya siku waandaaji wa tuzo nyingine watakapoitumia kama kisingizio cha kuwaacha wanawake nje.

Sauti ya Bondeni

Wanajamvi, naona uanaharakati umeguswa kidogo sana, na huko mambo ni magumu kwa namna yake, kwa sababu kazi ni ya wengi na kipaza sauti ni kimoja.

Usiku ule aliokamatwa Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekataa kumpisha Mzungu kiti cha basi mjini Montgomery, Marekani, Desemba 1955, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson, aliyekuwa kiongozi wa baraza la kisiasa la wanawake mjini humo, alikesha akichapa vipeperushi vya kuwaita watu wasusie mabasi. Yeye na wenzake wachache walichapa makumi ya maelfu na kuvisambaza kulipokucha. Kesi iliyoondoa ubaguzi katika mabasi hayo ilibebwa na wanawake wanne, mmoja wao akiwa Claudette Colvin, ambaye alikuwa amekamatwa miezi tisa kabla ya Parks akiwa na umri wa miaka 15. Miaka minane baada ya vipeperushi vile yalifanyika maandamano makubwa ya Washington ya 1963, na katika orodha ya hotuba kuu hakukuwa na hotuba ya mwanamke hata mmoja. Waliokuwa wamepika, kuchapa, kuchangisha na kusafirisha watu walikaa wakasikiliza.

Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani mwaka 1977, na alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, ilitajwa miti zaidi ya milioni 30 iliyopandwa. Miti hiyo ilipandwa na vikundi vya wanawake waliolea miche na kulipwa kiasi kidogo kwa mche ulioshika. Mfumo huo una jambo la kuigwa hata nje ya mazingira: kazi ya kila kikundi ilihesabiwa na kuandikwa, na malipo yakafuata maandishi. Ipo pia njia ya kutunuku kundi zima. Akina Mama wa Plaza de Mayo wa Argentina, waliokuwa wakidai watoto wao waliopotezwa na utawala wa kijeshi tangu 1977, walipewa Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya mwaka 1992 kama kundi, bila kumchagua mama mmoja awe uso wa wengine.

Lakini naomba tusisahau kwamba kwa mwanaharakati kujulikana kuna hatari. Berta Cáceres wa Honduras, aliyeongoza watu wa jamii ya Walenca kupinga bwawa la umeme katika mto Gualcarque, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Machi 2016 aliuawa nyumbani kwake. Narges Mohammadi wa Iran alikuwa gerezani alipotangazwa mshindi wa Nobel ya Amani mwaka 2023, na watoto wake ndio waliokwenda kuipokea. Kwa hiyo kabla ya kumpendekeza mwanamke aliye katika mapambano ya ardhi, maji au haki za kisiasa, muulizeni kwanza yeye mwenyewe na watu wake kama jina likitangazwa litamkinga au litamfichua. Na fedha ya tuzo iambatane na fedha ya usalama: wakili, simu salama, mahali pa kuhamia watoto. Nimeona mashirika yakigharimia hafla ya kumtunuku dada yetu kisha yakakosa nauli ya kumtoa mjini alipotishiwa.

Mizani

Dada Sauti ya Bondeni, hilo la mwisho limenigusa sana. Ndugu Msoma Nyaraka, umeeleza vizuri kuhusu waamuzi. Naomba sasa utueleze upande wa kupendekeza, maana wengi wetu tunaamini ni kazi ya wakubwa tu.

Msoma Nyaraka

Ndugu Mizani, kwa baadhi ya tuzo ni kweli. Nobel haimruhusu mtu kujipendekeza, na mapendekezo hutoka kwa makundi maalumu. Kwa ile ya amani, makundi hayo ni mapana kuliko wengi wanavyodhani: wabunge wa bunge la taifa lolote wamo, na maprofesa wa historia, sheria, falsafa, dini na sayansi za jamii wamo pia. Mwisho wa kupokea barua ni tarehe 31 Januari, na majina yote hufungiwa kwa miaka 50. Maana yake ni kwamba katika kila chuo kikuu wamo watu wanaoweza kuiandika barua hiyo, na wengi wao hawajawahi kuombwa.

Hata hivyo nisingependa tuishie kuitazama Nobel. Tuzo nyingi za vyama vya kitaaluma, majarida, vyuo na mabaraza ya sanaa hupokea mapendekezo kutoka kwa mtu yeyote au mwanachama yeyote, na tatizo lao kubwa ni kwamba barua huja chache na kutoka kwa watu wale wale. Barua nzuri haihitaji sifa za kupambwa. Hutaja kazi moja au mbili kwa jina na mwaka, hueleza ni jambo gani lisingekuwepo bila mtu huyo, na huonyesha nani amelitumia. Waandikaji wengi, wake kwa waume, humweleza mwanamke kuwa ni mchapakazi, mwenye ushirikiano na mwenye huruma, na humweleza mwanamume kwa alichokigundua. Ukimaliza barua yako, weka jina la mwanamume pale lilipo la mwanamke, kisha uisome upya. Sentensi itakayosikika ya ajabu ifute, na badala yake uweke kazi aliyoifanya.

Nimesoma pia hoja kwamba wanawake wenyewe wajitangaze zaidi. Dada Darubini amelieleza vizuri kuliko mimi. Ningeongeza tu kwamba jukumu hilo lisiachwe kwao pekee, kwa sababu mwaka 1903 aliyeandika hakuwa Marie.

Jocelyn Bell Burnell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu alipoona alama za nyota za pulsa, yaani nyota zinazotuma mawimbi ya redio kwa mapigo, katika karatasi za darubini ya redio mwaka 1967. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3 za Marekani, naye akaitoa yote ianzishe ufadhili wa wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yenye uwakilishi mdogo. Kila mwaka sasa wapo wanafunzi wanaoingia maabara kwa fedha hiyo.

Ndugu Fundi Rangi, kama bado unazo picha za ukuta ule na bango la kwanza, nakuomba uziweke hapa pamoja na maelezo ya namna ulivyowasilisha madai yako, maana wapo wasanii wawili walioniandikia faraghani tangu asubuhi wakiwa na shida kama hiyo na hawajui waanzie ofisi gani. Na yeyote mwenye barua ya mapendekezo anayoiandika, aondoe majina ya siri, aibandike hapa chini, tuipitie pamoja sentensi kwa sentensi.